Albamu Iliyomkana Mwanangu

Siku chache baada ya Krismasi, mtangazaji wa redio moja ya Lilongwe alisoma albamu zilizouzwa kuliko nyingine zote nchini Malawi mwaka ule. Alianza na ya kumi akawa anapanda kuelekea ya kwanza, polepole, kama mtu anayegawa nyama na hataki iishe. Mimi nilikuwa nje ya nyumba yetu pale kambi ya Dzaleka, nafua nepi za mwanangu. Redio ilikuwa ya jirani, mama mmoja Mrundi anayeuza mkaa, na yeye akifungua redio anaufungulia mtaa mzima.

Ya pili ilikuwa yetu. Mtangazaji alisema kwa Kichewa kwamba ni albamu ya kwaya ya wakimbizi, kwamba yeye haelewi neno hata moja la Kiswahili, lakini akisikia wimbo namba nne anamkumbuka marehemu mama yake. Halafu akauweka. Sauti yangu ikatoka kwenye redio ya yule mama, ikapita juu ya magunia yake ya mkaa, ikanikuta mimi na beseni langu.

Niliinuka na povu mikononi, nikaingia kwake, nikaizima.

"We mama mutoto, ile redio ni yako?"

"Redio haiko yangu. Ile sauti njo yangu."

"Basi chukua sauti, uniachie redio," akasema, akaiwasha tena.

Nilirudi kufua. Sikumkasirikia yeye. Hasira yangu ilikuwa na wenyewe tangu zamani.

Watu wa mbali wakisikia albamu imeuzwa wanadhani kuna duka na rafu. Hapa hakuna anayenunua sidi tena. Albamu kwetu ni flashi. Kwaya inanunua flashi tupu mjini, inatia nyimbo zake nane, inabandika kikaratasi chenye picha ya kwaya, inauza mlangoni mwa kanisa na kwa madereva wa minibasi. Baada ya hapo inaondoka mikononi mwa kwaya. Pale Kawale, mjini Lilongwe, kuna vijana wanakaa chini ya mwavuli na kompyuta juu ya stuli, unawapa kadi ya simu yako wanakujazia nyimbo kwa bei ya nyanya. Mtangazaji alikuwa amewauliza hao wote, makanisa, madereva, vijana wa mwavuli. Hesabu ya namna hiyo si ya benki, lakini siibishii. Mwaka ule mzima niliisikia albamu yetu kila nilikopita, kuanzia barabara ya kambini mpaka soko la Area 23. Wamalawi wasiojua Kiswahili walikuwa wanaimba "niko njiani" bila kujua aliye njiani ni nani.

Maneno yale niliyatunga mimi. Usifunge mlango, bado niko njiani. Hakuna kingine cha maana mle ndani, yanazunguka tu. Kilichowashika watu ni ile sauti, na kuhusu sauti nitasema ukweli hapa, kwa kuwa kule nilikousema ulikataliwa.

Baba wa mwanangu ni mshonaji, mtu wa Bukavu, Kongo, kama mimi. Tulikuwa pamoja muda wa kutosha kwa mama yangu kuanza kumwekea sahani. Hatukuoana, na sababu yake kila mtu wa Dzaleka anaijua. Faili yake ya kwenda ng'ambo ilifunguliwa akiwa peke yake. Ukioa katikati, faili inarudi nyuma, wanaanza kukuuliza upya kuanzia jina la babu yako, na wengine zao zimerudi nyuma hazijasogea mpaka leo. Basi watu wote, wachungaji wakiwemo, walikuwa wanashauri kwa kunong'ona: subirini. Aende kwanza, akifika ataomba mke wake amfuate. Ndivyo tunavyofanya hapa. Tunaahirisha ndoa ili tupate ndoa. Halafu mimba ikiingia, kanisa lilelile lililonong'ona subirini linakuita mwenye dhambi kwa kipaza sauti.

Kesi yake ilipita. Mwanzoni mwa mwaka basi likaja kuwachukua wasafiri alfajiri, tukamsindikiza mimi na dada yake. Huyo dada yake tulikuwa tunaimba naye kwaya moja, mimi solisti, yeye sauti ya pili. Ndiye aliyembebea kaka yake begi. Siku zangu zilikuwa zimeshapita, sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia yeye, basi lilipokwisha kuondoka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akacheka. "Wifi," akaniita, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na hakujali nani anasikia.

Studio tuliingia baada ya hapo. Baada ya hapo. Mtu aliyekwisha kupanda ndege hawezi kurudi usiku kunipa mimba. Hata mtoto wa darasa la pili anaijua hesabu hiyo.

Studio yenyewe iko Kawale, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kuta zote zimebandikwa trei za mayai na mlangoni limetundikwa blanketi zito, ili makelele ya soko yasiingie. Tulikwenda kwaya nzima kwa minibasi ya kukodi. Umeme ukakatika, tukakaa kwenye baraza, ukarudi. Kabla ya zamu yangu nilitoka nikatapika kwenye mfereji. Papa Prezida, ndivyo tunavyomwita kiongozi wa kwaya, alinipa chupa ya maji.

"Ni minibasi," akasema. "We mara zote minibasi inakuweza."

Wifi yangu alikuwa amenishika mgongo.

Sauti yangu ya siku zote ni nyembamba, ya juu. Walionisikia kwenye mazoezi wanaijua. Siku ile haikupanda. Mwili ulikuwa mzito na pumzi ilikuwa fupi, nikaanza chini, na ikatoka sauti ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia, nzito, yenye mchanga, kama ya mwanamke aliyenizidi umri mara mbili. Nilisimama kuomba radhi. Fundi Mmalawi akavua vile vya masikioni akanionyesha kwa mkono kwamba niendelee vilevile, nisiguse kitu. Nikaimba mpaka mwisho. Hiyo ndiyo namba nne iliyomkumbusha mtangazaji mama yake. Niliimba na mwanangu ndani, na yeye ndiye aliyeshusha sauti yangu. Mwenye masikio angejua.

Albamu ilitoka wakati wa Pasaka. Tumbo lilitoka baadaye kidogo.

Kwetu mwimbaji akipata mimba bila ndoa anavuliwa sare ya kwaya, anakaa benchi la nyuma kabisa, hashiriki meza ya Bwana, mpaka atakapozaa na kutubu mbele ya kanisa. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Nililokuwa sijalitegemea ni kikao. Wazee waliniita chumba cha nyuma ya madhabahu, mimi na mama yangu. Flashi zilikuwa zimeanza kukimbia mjini, na bati za kanisa zilikuwa zinangoja pesa hizo. Shida yao ilikuwa moja tu. Je, ile sauti inayouzwa ni sauti ya mtu safi, au ya mtu aliyekwisha kuanguka? Kama ni ya aliyeanguka, basi kwaya inauza dhambi, na itabidi wimbo ufutwe, uimbwe upya na mwingine.

"Binti," mzee mmoja akaniuliza, "ulianguka mbele ya ile kazi ya studio, ao kisha?"

"Mbele," nikasema, yaani kabla.

"Fikiri vizuri."

"Papa, hakuna cha kufikiri. Baba ya mutoto alikuwa ameshapanda ndege pale tuliingia studio. Ningeanguka na nani, na mikrofoni?"

Mama yangu akanifinya paja. Mama mmoja wa kikao alikuwa anahesabu miezi kwenye vidole, akifika kidole fulani anaanza tena, kama anatarajia vidole vitabadilika. Papa Prezida alikuwa ameinamisha kichwa. Nakumbuka kwamba nilimhurumia.

"Tutaomba juu ya jambo hili," wakasema.

Nyumbani nililia, na sikulilia kutengwa. Nililia ile sauti. Nilijua wataifuta, na nilijua sitaipata tena, kwa sababu haikuwa yangu peke yangu. Mama alikaanga samaki wake wa kuuza kesho, akaniacha nilie mpaka mafuta yakapoa.

Jumapili katibu wa kanisa akasimama. Alisoma kwamba dada yetu ameanguka, amewekwa chini ya nidhamu. Halafu akaongeza, na hili alilisema polepole: "Dada yetu alianguka kisha kazi ya Mungu kuisha. Ile sauti mnasikia ku flashi ni sauti safi. Musiogope kununua."

Watu wakasema amina. Mama yangu akaninong'oneza, "Unaona? Sauti yako imebaki."

Na mimi nilifurahi. Nilifurahi muda wa kutoka benchi la mbele kwenda kukaa la nyuma. Nilipokaa tu nikafahamu walichonifanyia. Kama niliimba nikiwa safi, na yule mtu alikuwa ameshaondoka, basi mimba hii ni ya nani?

Hata sikuhitaji kujiuliza mwenyewe, wengine walinifanyia. Pale kwenye pampu ya maji wakasema ni ya fundi wa studio. Wengine wakasema ya mwendesha kabaza, teksi ya baiskeli, anayenileta na samaki wa mama kutoka barabarani. Mwanamke mmoja, na ndoo yake imeshajaa lakini haondoki, akaniuliza:

"Solisti, baba ya mutoto naye iko ku flashi?"

"Iko namba tano. Mutamusikia pale mutafunga midomo."

Walicheka, na mimi nilicheka, ndoo yangu ikafurika. Kisha nikaenda nayo nyumbani nikakaa nyuma ya mlango.

Video ya namba nne ilichukuliwa bila mimi. Aliye chini ya nidhamu haonekani kwenye video. Walimsimamisha wifi yangu mbele, amevaa kitenge cha kwaya, akawa anafungua na kufunga mdomo juu ya sauti yangu. Anafanya vizuri, siwezi kusema uongo. Hata pumzi anavuta pale nilipovuta. Alikuwa anajua zile pumzi fupi zilitoka wapi. Tangu siku ya tangazo alikuwa haji tena kwetu, na tukikutana njiani ananiamkia "Dada, habari," na kupita.

Baba wa mtoto alikuwa ananitumia sauti kila juma. Baridi ya kule, kazi ya kufunga kuku kwenye maboksi, majirani wasiosalimia. Habari ya mimba nilikuwa nimempa mapema na alikuwa amefurahi, au alisema amefurahi. Baada ya tangazo sauti za kila juma zikakatika. Halafu ikaja moja, nimeisikiliza mpaka naijua kama wimbo.

"Mi sipendi vita," alisema. "Wamenitumia ile tangazo ya kanisa. Kama we ulikuwa safi pale studio, na mi nilikuwa nimeshafika huku, donc, basi, uniambie we mwenyewe, ule mutoto njo wa nani? Hata kanisa limesema. Nitasema nini mi kwa hawa bazungu ba faili?"

Nilimjibu. Nilimwambia muulize dada yako, yeye anajua, alinishika mgongo. Sijui kama alimuuliza. Nilimjibu tena na tena, sauti ndefu, fupi, za matusi, za kuomba. Siku moja akanifungia, picha yake ikapotea kwenye simu yangu, ikabaki ile alama ya mtu asiye na uso.

Sidhani kama ni mtu mbaya. Nadhani alikuwa anaogopa faili, kama sisi wote, na kanisa likamfungulia mlango akatoka.

Mwanangu alizaliwa mahindi yamekwisha kuvunwa na kusagwa. Msichana. Alitoka mnene, na mikunjo mapajani, mkunga Mmalawi akamnyanyua akasema huyu amekuja na chakula chake. Hesabu ya kanisa ilimtaka azaliwe miezi baadaye. Sasa watafanyaje? Akina mama wa kanisa wakaja kunipongeza, na kanga na unga wa uji, wakampokezana, wakamwangalia vizuri, wakasema mbele yangu, macho makavu:

"Mungu ni mwema. Njiti, lakini ona vile amenona."

Njiti. Mtoto ambaye mkono ulikuwa unachoka kumbeba. Mama yangu akajibu amina, akawatilia chai. Mimi niligeuka ukutani nikamnyonyesha.

Alipoweza kukaa mgongoni nilikwenda Kawale. Nilikuwa na wazo la kijinga, nakubali, lakini mtu aliyechoka anafuata wazo lolote. Nilikwenda kwa kijana wa mwavuli anayejulikana kuliko wote pale, nikamwomba aifute namba nne kwenye kompyuta yake. Alikuwa mpole. Tuliongea Kichewa changu kibovu na Kiingereza changu cha sekondari.

"Nikifuta leo, amayi, kesho mteja ataniletea tena. Iko kwa watu, haiko kwangu." Akamwangalia mtoto. "Kwa nini unataka kuifuta?"

"Inasema uongo."

"Mimi sijui Kiswahili. Inasema nini?"

"Inasema usifunge mlango, bado niko njiani."

Alifikiri. "Sasa uongo uko wapi?"

Ningemwelezaje, kwa Kichewa, kwamba uongo hauko kwenye maneno, uko kwenye ile siku niliyoyaimba? Kwamba kila flashi inayouzwa inasema mwanangu hana baba? Nilimshukuru, zikomo, nikapanda minibasi ya kurudi. Dereva alikuwa ameweka namba tatu. Nilishuka kabla haijaisha, nikangoja nyingine.

Papa Prezida alikuja kwetu siku mbili baada ya ile orodha ya redio. Alileta sukari, na kitenge kipya cha kwaya kimekunjwa. Alimbeba mwanangu, akamwimbia, mtoto akamtemea maziwa kwenye koti, naye akacheka kweli. Nataka ieleweke, huyu si mtu wa kuogopesha. Alinifundisha kuimba nikiwa na meno ya mbele yameng'oka. Bukavu alikuwa mwalimu wa shule, hapa anauza vocha za simu.

"Binti yangu, wametualika," akasema. "Mwaka mpya, mujini, ukumbi mukubwa pale City Centre. Juu ya ile namba ya pili. Batu watataka namba ine, na watataka live, si flashi."

"Soliste iko. Si munaye?"

"We unajua hafiki. Anafunguaka mudomo tu." Akampangusa mtoto mdomo. "Jumapili ni ibada ya shukrani. Utapiga magoti, utasema maneno kidogo, tutakurudishia sare palepale. Kazi imeisha."

"Maneno gani?"

"Nilianguka kisha kazi ya studio. Munisamehe. Basi."

"Papa, we unajua. We mwenyewe ulinipa maji."

Aliangalia maziwa kwenye koti lake. "Minajua," akasema. "Lakini bati zimeshapandishwa, binti. Nitasema nini sasa? Kwamba Malawi muzima ilinunua nini?"

Alipoondoka, mama aliendelea kuchambua dagaa. Mama yangu haongei bure. Alizika mume njiani, akafika hapa na watoto na sufuria, na kila alichokipata alikipata kwa kunyamaza mahali pa kunyamaza.

"Sema vile wanataka," akaniambia. "Urudi kuimba. Ukiimba mujini utapata kitu. Ule mutoto atakula sauti yako. Baba hamuli."

"Na jina?"

"Jina halilali njaa."

Sikumbishia. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilishindwa kulala vizuri mpaka Jumapili ilipofika. Nilitaka kuimba. Watu wanadhani hasira inamaliza hamu. Nilikitoa kile kitenge, nikajipima, nikakikunja tena. Nilijaribu namba nne nikiwa peke yangu nyumbani, chini, ile nzito. Haikuja. Ilikuja nyembamba, ile ya zamani.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wageni walikuwepo, Wamalawi waliokuja kuona kwaya ya redio. Waliniambia nimwache mtoto kwa mama, mtu hatubu na mtoto mkononi. Nikaenda naye. Saruji ya pale mbele ni ya baridi hata msimu wa joto, magoti yangu yanaijua. Mchungaji akanishikia kipaza sauti mdomoni kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

Sikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema:

"Natubu kwamba nililala na mtu tusiyeoana naye. Mlituambia tusubiri faili, tukasubiri, lakini si kwa kila kitu. Alipanda ndege mbele ya studio. Pale naimba namba nne, huyu alikuwa ndani. Si njiti. Mushikeni tena, muone. Ile sauti mnayouza ni yake na yangu, na baba yake anajulikana, na dada ya baba yake yuko pale kwa kwaya."

Mchungaji aliondoa kipaza sauti kabla ya neno la mwisho, lakini mimi ni mwimbaji, nilifika mpaka nyuma bila hicho. Watoto tu ndio walikuwa wanasikika. Mchungaji akasema tuombe, akaomba kwa muda mrefu bila kunitaja, na alipomaliza mzee mmoja akanishika bega akanionyesha benchi la nyuma. Niliinuka. Nilipompita mama alikuwa ameangalia mbele, na kile kitenge kipya kiko mapajani mwake, amekishika kwa mikono miwili.

Programu ilikuwa imeandikwa ukutani: baada ya toba, kwaya, namba nne. Nadhani walipanga niimbe mimi. Hakuna aliyewaza kuibadilisha. Kwaya ikasimama. Yule dada wa baba wa mtoto akatoka mbele, akachukua kipaza sauti, kwa sababu ndiye waliyebaki naye, na kwa sababu wageni walikuwa wanangoja. Mpiga kinanda akaanza.

Mwanzo wa namba nne unazunguka mara mbili halafu solisti anaingia. Ukazunguka. Hakuingia. Mpiga kinanda akamtupia jicho, akaurudia. Yeye alikuwa amekishusha kipaza sauti kifuani, anaangalia nyuma ya kanisa, kule nilikokaa, na hakuwa ananiangalia mimi. Mtoto alikuwa ameanza kulia njaa, nikampa ziwa. Kinanda kikazunguka tena. Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, akidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Papa Prezida akaufungua yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya mwalimu, chini mno, haikuwa mahali pake kabisa. Kwaya ikamfuata. Kanisa likamfuata. Usifunge mlango, wakaimba wote, hata Wamalawi. Yule dada alibaki amesimama mbele yao amefunga mdomo, mpaka ubeti wa mwisho, na hapo akaweka kipaza sauti juu ya kinanda akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mjini hawakwenda. Nidhamu yangu imeongezwa, bila tarehe. Flashi bado zinauzwa. Watu wa pampu sasa wamegawanyika, wengine wanasema nilitubu, wengine wanasema nilitukana. Mama yangu hakuniongelesha kwa siku kadhaa, halafu akaanza tena, kuhusu chumvi.

Yule dada hajaja kwetu. Niliambiwa ameacha kwaya, na kwamba kuna aliyemwona nje ya kibanda cha vocha ameshika simu sikioni, analia. Sijui alikuwa anaongea na nani. Simu yangu inaonyesha bado mtu asiye na uso. Namtumia baba yake picha za mtoto hata hivyo, kila akibadilika kidogo, na haziendi, zinabaki na alama moja upande.